Redio Badala ya Waya: Kupeleka Vipimo vya Mito katika Miteremko ya Meru

Mji wa Arusha umekaa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, na mito yake ni mito ya mlima huo. Themi, Naura, Ngarenaro na Burka hupita mjini. Tengeru, Nduruma na Usa huteremka upande wa mashariki. Na sehemu kubwa ya maji hayo hatimaye huingia katika Mto Kikuletwa, kisha katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka ukingo wa msitu hadi mjini maji hushuka mamia ya mita katika mwendo wa kilomita chache. Ndiyo maana korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kufurika kabla ya adhuhuri, ilhali mjini hakujanyesha tone. Mwezi wa Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya mafuriko viungani mwa Arusha, na watoto kadhaa wakapoteza maisha.

Kupima kina cha maji katika sehemu za juu za mto ni kazi ambayo mafundi wa nchi hii wanaimudu. Ugumu uko kwingine. Kipimo kilichofungwa kando ya mto hakimfaidii mtu aliye chini mpaka tarakimu yake imfikie, tena imfikie kabla ya maji yenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi redio ndogo za kurusha na kupokea zinavyoweza kushika nafasi ya waya kati ya kipimo na kompyuta, na mambo ambayo fundi hana budi kuyajenga upya mara tu waya unapoondolewa.

KAZI ZA WAYA

Vifaa vingi vya kupimia maji, mvua na upepo hutoa tarakimu zake kwa njia ya mfululizo. Kila herufi huvunjwa kuwa biti nane, nazo hutoka moja moja katika waya mmoja, kama abiria wanaoshuka basi kwa mlango mmoja. Kwa utaratibu uliozoeleka, biti hizo hutanguliwa na biti moja ya kuanzia na kufuatwa na moja ya kumalizia, hivyo herufi moja hugharimu biti 10. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi 960 hupita kila sekunde. Kasi hiyo yatosha sana kwa kipimo ambacho ujumbe wake mzima haufiki herufi 60.

Kanuni ya umeme inayotumika mara nyingi ni RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960 na kurekebishwa mara kadhaa, hasa mwaka 1969. Katika kanuni hiyo biti ya moja huonyeshwa kwa volti hasi, kati ya 3 na 15, na biti ya sifuri kwa volti chanya za kiasi hicho hicho. Marekebisho ya mwaka 1969 yalikadiria urefu wa waya kuwa mita 15 tu. Ipo kanuni nyingine, RS-485 ya mwaka 1983, ambayo hutumia jozi ya waya zilizosokotwa na kufika mita 1,200. Lakini hata mita 1,200 hazimfikishi mtu kutoka msituni hadi ofisini.

Urefu si tatizo la pekee, wala si kubwa kuliko yote. Waya mrefu wa shaba katika miteremko ya Meru hukumbana na jembe la mkulima katika mashamba ya migomba na kahawa, na panya, na mtu anayeijua bei ya shaba sokoni. Zaidi ya hao wote, hukumbana na radi. Radi ikipiga karibu, hata bila kuugusa waya, huzaa humo volti nyingi kwa muda mfupi mno. Tena, kwa sekunde hiyo, ardhi ya kando ya mto na ardhi ya ofisini haziko katika volti sawa. Waya unaoziunganisha huwa njia ya tofauti hiyo kujisawazisha, na njia hiyo hupita katikati ya kipimo na katikati ya kompyuta. Katika sehemu zenye radi nyingi, kukata uhusiano huu wa shaba ni sababu tosha ya kutumia redio, hata pale ambapo umbali ungeruhusu waya.

MFANO WA VISIWA VYA HAWAII

Wazo lenyewe si geni. Mwezi wa Juni 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya uongozi wa mtaalamu Norman Abramson, kilianza kuunganisha vituo vya kompyuta na kompyuta kuu mjini Honolulu kwa redio, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Visiwa vile ni vilele vya volkano vilivyotengwa na bahari, na laini za simu za wakati ule zilikuwa ghali na zenye makosa mengi. Mfumo huo uliitwa ALOHA.

Vituo vya Hawaii vilitumia masafa moja kupeleka ujumbe bila kupeana zamu. Kila kituo kilirusha kilipotaka, na jumbe mbili zikigongana hewani zote mbili ziliharibika. Mkokotoo ulionyesha kwamba, kwa utaratibu huo, hata katika hali bora kabisa ni asilimia 18 hivi tu ya muda wa hewani inayopitisha jumbe zilizo salama. Suluhisho lao lilikuwa kwamba anayepokea atoe stakabadhi, na kituo kisichopata stakabadhi kisubiri muda wa kubahatisha kisha kirudie. Ajabu ni kwamba utaratibu huu uliozaliwa hewani ndio uliorudishwa ndani ya waya mwaka 1973, Robert Metcalfe na wenzake walipobuni mtandao wa Ethernet. Waya ulijifunza kwa redio.

Karibu zaidi na nyumbani, mradi wa WIMEA-ICT wa miaka ya 2010, ulioshirikisha Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, ulibuni vituo vya hali ya hewa ambamo vipimo vya ardhini na vya juu ya mlingoti huzungumza na kisanduku kikuu kwa redio ndogo.

KUCHAGUA MASAFA

Hapa ndipo ununuzi wa haraka unapoleta hasara. Dunia imegawanywa na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa katika kanda tatu, na Afrika imo katika ya kwanza pamoja na Ulaya. Katika kanda hii megahezi 433.05 hadi 434.79 zimetengwa kwa vifaa vidogo vya viwandani, vya sayansi na vya tiba, na redio nyingi za kupeleka vipimo zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Megahezi 2,400 na zaidi kidogo hutumika duniani kote. Lakini katika maduka ya ng'ambo redio zinazouzwa kwa wingi ni za megahezi 902 hadi 928, ukanda ambao ni huru katika bara la Amerika. Hapa Tanzania sehemu ya ukanda huo, hadi megahezi 915, ndiyo ambayo simu za mkononi hutumia kuzungumza na minara. Redio ya namna hiyo ikifungwa karibu na mnara yaweza kuwakatia watu simu, na mwenye kuifunga atakuwa amevunja sheria. Kabla ya kununua chochote, jedwali la masafa la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania lisomwe, kwa ukanda na kwa nguvu inayoruhusiwa.

NJIA YA MAWIMBI

Chukuliwe mfano wa kituo kilichoko ukingoni mwa msitu, kilomita 6 juu ya ofisi, chenye redio ya megahezi 433 na nguvu ya miliwati 10. Hata kama hakuna kizuizi chochote, mawimbi yakitawanyika katika umbali huo hupungua kwa desibeli 101, yaani kinachofika ni kama sehemu moja ya bilioni kumi ya kilichotoka. Antena mbili za kawaida zitarudisha desibeli 4, na waya zake pamoja na viungio vitakula 3. Mwishowe ofisini hufika takriban bilioni moja ya miliwati. Kiasi hicho chaonekana kuwa si kitu, lakini redio nzuri inayofanya kazi kwa kasi ndogo husikia hata kilicho pungufu mara mia. Hiyo mara mia, au desibeli 20, ndiyo akiba ya fundi. Akiba hiyo ndiyo ya kulinda, maana kila tatizo litakalofuata litaila.

Mlaji wake wa kwanza ni mlima wenyewe. Watu hudhani kwamba wakiona kwa macho kutoka ncha moja hadi nyingine, basi njia i wazi. Mawimbi ya redio hayapiti katika mstari mwembamba kama uzi. Hupita katika umbo linalofanana na muwa ulionenepa katikati, linaloitwa ukanda wa Fresnel. Kwa kilomita 6 na megahezi 433, nusu upana wa umbo hilo katikati ya njia ni mita 32, na kwa uchache asilimia 60 yake, yaani mita 19, lazima iwe wazi juu ya ardhi na miti. Kwa megahezi 2,400 nusu upana huo ni mita 14 tu, na mita 8 za uwazi zatosha. Je, si afadhali basi masafa ya juu? Yangekuwa afadhali kama Meru ingekuwa kipara. Masafa ya juu hupotea zaidi kwa umbali ule ule, karibu desibeli 15 zaidi katika mfano huu, na majani yaliyolowa huyanywa upesi. Katika miteremko ya kusini, yenye msitu, migomba na migrevilea, masafa ya chini yana nafasi bora. Upande wa kaskazini, kuelekea Oldonyo Sambu na Ngare Nanyuki, ambako mvua ni haba na nyanda ni wazi, uchaguzi waweza kugeuka.

Migongo ya ardhi kati ya korongo na korongo ni jambo jingine. Vipimo vya mito, kwa maumbile yake, hukaa mabondeni, mahali pabaya kuliko pote kwa antena. Mara nyingi njia bora ni kuacha kipimo mtoni, kuvuta waya mfupi wa RS-485 wa mita mia moja au mia mbili hadi mgongoni, na kuweka redio huko juu. Kung'ang'ania kuondoa kila waya ni ushabiki tu. Waya huo mfupi uwekewe vizuia radi ncha zote mbili, na mlingoti wa antena uunganishwe na ardhi kwa fimbo zilizozama vyema. Udongo mkavu wa majivu ya volkano haupitishi umeme kwa urahisi, na fimbo moja haitoshi.

KUUNGANISHA MEZANI

Redio mbili zifungwe kwanza mezani, zikiwa na antena zake, kwa nguvu ndogo na kwa umbali wa mita kadhaa. Zikikaribiana mno, moja huizibia nyingine masikio. Jambo la awali ni volti. Redio nyingi za bei nafuu hutumia volti 3.3, na zikiunganishwa moja kwa moja na mlango wa RS-232 wenye volti 12 huungua papo hapo. Kibadilisha volti cha kukaa katikati ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na redio. Kisha waya wa kupeleka wa kifaa kimoja uingie katika mlango wa kupokea wa kingine. Kasi, idadi ya biti na biti ya kumalizia ziwe sawa kati ya kifaa na redio yake. Na chaneli, kasi ya hewani na namba ya kundi ziwe sawa kati ya redio na redio.

Kasi mbili zilizotajwa hapo huchanganywa mara nyingi. Kifaa chaweza kumwaga biti 9,600 kwa sekunde katika redio ambayo hewani huenda kwa biti 2,400 tu, maana kasi ndogo ndiyo inayoipa masikio makali. Ziada husubiri katika ghala dogo la kumbukumbu ndani ya redio. Ujumbe wa majaribio wa maneno mawili hupita vizuri, na fundi hufurahi. Siku kipimo kinapotuma taarifa ndefu, ghala hujaa na mkia wa ujumbe hupotea. Jaribio la mezani lifanywe kwa ujumbe mrefu kuliko wote utakaotumwa, tena mara nyingi mfululizo.

Hitilafu nyingine inayosumbua hutokana na ukimya. Lugha ya Modbus, iliyobuniwa mwaka 1979 na ambayo vipimo vingi vya maji bado huitumia, hutambua mwisho wa ujumbe kwa kimya cha muda wa herufi tatu na nusu. Kwa biti 9,600 hicho ni kimya cha milisekunde 4 hivi. Redio nayo hukata ujumbe vipande, na kati ya kipande na kipande huacha mwanya. Mpokeaji akiona mwanya hudhani ujumbe umekwisha, akautupa. Dawa yake ni kuchagua redio inayokusanya ujumbe mzima kabla ya kuutoa, na kurefusha muda ambao kompyuta huvumilia kabla ya kukata tamaa. Ikumbukwe pia kwamba waya huruhusu pande zote mbili kusema kwa wakati mmoja, ilhali redio hizi husema kwa zamu. Vituo vikiwa vitatu au vinne, ofisi iwaite mmoja mmoja kwa jina, na asiyeitwa anyamaze. Kituo cha hatari tu ndicho kipewe ruhusa ya kudakia.

KINACHOTUMWA

Waya hauharibu ujumbe mara kwa mara. Redio huuharibu kila siku, na mfumo ujengwe kwa kulikubali jambo hilo. Kila ujumbe ubebe tarakimu za uhakiki zilizokokotolewa kutokana na ujumbe wenyewe. Tarakimu hizo zikiwa na biti 16, ujumbe ulioharibika ovyo una nafasi moja katika 65,536 ya kupita kama mzima. Kila ujumbe ubebe pia namba yake na saa ya kipimo iliyosomwa kule kule mtoni, maana saa ya kuupokea yaweza kuchelewa.

Mambo haya huweza kuonekana kama mapambo mpaka yatazamwe katika kipima mvua. Kipima mvua cha kawaida kina kikombe kidogo kinachopinduka kila inapojaa, tuseme, milimita 0.2 ya mvua. Fundi asiyefikiri sana hupanga kila pinduko litume ujumbe mmoja: “pinduko moja”. Ujumbe ukipotea, mvua imepungua katika daftari. Ujumbe ukifika lakini stakabadhi ikapotea njiani, kituo hurudia, na mvua imehesabiwa mara mbili. Mvua kubwa ndiyo yenye mapinduko mengi na hewa mbaya, kwa hiyo makosa hukusanyika saa ile ile ambayo kipimo kinahitajika. Kituo kikituma badala yake jumla ya mapinduko tangu kilipofungwa, mathalani 4,817, kisha 4,823, jumbe tatu za kati zikipotea hakuna kinachoharibika. Kutoa hesabu moja kutoka kwa nyingine hurudisha mapinduko yote sita, yaani milimita 1.2. Ujumbe ukirudiwa mara kumi jumla haibadiliki. Marekebisho hayo hayagharimu chochote ila mistari michache ya programu, na yana thamani kuliko antena ya bei kubwa. Pamoja na hayo, kituo kiandike vipimo vyote katika kumbukumbu yake cha chenyewe, ili mtu aweze kupanda na kuvichukua.

Lipo suala la kimya chenyewe. Mto ukiwa chini na kituo kikanyamaza kwa kuwa hakina la kusema, ofisini hapana anayeweza kutofautisha mto uliotulia na kituo kilichosombwa. Kituo kinachotoa onyo kwa kupiga kelele wakati wa hatari peke yake ni kituo kibaya. Kitume ujumbe kila baada ya dakika 10 hata kama maji hayajapanda kwa sentimita moja, na kompyuta ihesabu vipindi visivyojibiwa. Vikipita vitatu wakati wa masika, mtu apigiwe simu kana kwamba maji yamepanda.

UMEME NA USIRI

Redio inayosikiliza saa zote pamoja na kipimo chake zaweza kutumia miliampea 25, yaani ampea-saa 0.6 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 isitumiwe zaidi ya nusu, na kwa hesabu hiyo itavumilia siku tano na ziada bila jua. Miezi ya Juni na Julai, ambapo wingu hukaa juu ya Meru hata adhuhuri, ndiyo iwe kipimo cha ukubwa wa paneli ya jua, wala si Januari.

Kuhusu usiri, kinachorushwa hewani husikiwa na yeyote. Kina cha maji si siri. Lakini pale ambapo redio hiyo hiyo hupeleka amri ya kufungua au kufunga lango la maji, ujumbe ufumbwe kwa ufunguo, na ufunguo uliotoka kiwandani ubadilishwe.

BAADA YA KUFUNGA

Redio nyingi huweza kutoa taarifa ya nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Tarakimu hiyo iandikwe siku ya kwanza, kisha kila juma. Njia iliyopimwa Februari, majani yakiwa makavu, ipimwe tena Aprili wakati mvua inanyesha, na ipimwe baada ya mwaka, kwa kuwa mgrevilea mchanga uliopuuzwa chini ya njia utakuwa umeongezeka urefu. Akiba ya desibeli 20 ikishuka hadi 10, mlingoti upandishwe, au tawi likatwe kwa makubaliano na mwenye shamba. Ikiwa hayo hayawezekani, redio ya tatu iwekwe mgongoni kupokea na kurusha upya. Hiyo itapunguza kasi kwa nusu, jambo ambalo kwa ujumbe wa herufi 60 kila dakika 10 halitaonekana.